Jina la Nyanya na Figo za Mbuzi

Nyumbani kwa mzee Musyimi, huko Nuu, mbuzi akichinjwa figo zote mbili zilikwenda kwa Kavindu, na hakuna aliyebisha. Kavindu ndiye kifungua mimba, tena amepewa jina la marehemu mama yake mzee. Kwa hivyo baba yake humwita "mwaitu", yaani mama yangu. Siku aliyovunja mtungi alisamehewa, kwa maana mzee hakuona vile mtu mwenye adabu angemchapa mama yake mzazi. Wavinya, aliyemfuata, alikuwa na jina la nyanya wa upande wa pili. Yeye alichapwa kwa mtungi wake, na kwa ule wa dada yake pia.

Kinyongo hicho alikitunza kwa miaka thelathini na minane. Ndipo kansa ya matiti ilipomshika Kavindu, kama ilivyomuua nyanya Kavindu, na ukoo wote ukaafikiana kwamba ugonjwa umefuata jina. Wavinya alimuuguza dada yake kwa moyo wote hadi matibabu yakaisha. Lakini akiwa peke yake, akipepeta ndengu, alimshukuru Mungu kwa kunyimwa jina lile.

Kisha hospitali ikaita familia. Kipimo cha damu kilikuwa kimeonyesha kwamba Kavindu alizaliwa na kasoro kwenye jeni moja, ya aina inayoongeza hatari ya kansa hiyo. Nesi Wamaitha alitaka ndugu nao wapimwe.

"Mimi nimesindikiza tu," Wavinya alisema, amekumbatia chupa ya chai. "Jina langu limetoka kwa kina mama. Huko watu hufa kwa uzee."

"Jeni hazisomi kitambulisho," nesi akamjibu. "Ni kama kutoa punje moja kwenye kikombe chenye ndengu mbili, moja nzima, moja imetobolewa na fukusi. Baba yenu ndiye kikombe. Kila mtoto alitolewa punje yake."

Mzee Musyimi akainuka nusu. "Unasema imepitia kwangu? Mimi sina hata matiti!"

"Unayo, baba. Ni madogo tu. Hata wanaume hupata kansa hiyo, ingawa ni nadra."

Mzee akafunga vifungo vya koti, vyote, mpaka shingoni. Kisha akasema kwa unyonge kwamba yeye alikuwa ameshamaliza jambo hili: mchungaji amekubali kumwombea Kavindu na kumbadilisha jina Jumapili, na mbuzi ameshanunuliwa.

"Na figo nitakula kwa jina gani?" Kavindu akauliza.

Nesi alimgeukia Wavinya. "Una binti?"

"Mmoja. Mwongeli. Ana jina la mama mkwe."

"Kama wewe huna kasoro hii, huwezi kumpitishia. Kama unayo, tutakuchunguza kila mwaka, ili kitu kikianza tukiwahi. Na yeye atajua mapema."

Wavinya akaitazama chupa ya chai.

"Anaogopa sindano," Kavindu akasema. "Siku ya chanjo alipanda juu ya paa la choo. Paa likavunjika."

"Kavindu, nyamaza!" Wavinya akasema, na kwa hasira hiyo hiyo akanyoosha mkono.

Baada ya wiki kadhaa majibu yalitoka: punje yake ilikuwa na tundu. Picha ya matiti ilikuwa safi. Aliandikiwa tarehe ya kurudi, akalia njia nzima, akafika nyumbani kwa baba yake amekauka macho na amenyooka kama wakili.

Mbuzi alikuwa bado yupo, kwa sababu mchungaji alisafiri. Alichinjwa siku hiyo bila ubatizo wowote. Figo zilipoiva, Wavinya akasimama mbele ya jiko.

"Baba, mama yako yuko ndani yangu pia. Hospitali imethibitisha. Naomba haki yangu."

Mzee alizigeuza figo kwa ncha ya kisu. Hakukuwa na mfano wa kufuata. Hatimaye akagawa.

"Shika," akasema. "Shika, mwaitu."

Wavinya akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Hii kitu inanuka mkojo," akamnong'oneza dada yake.

"Tangu zamani," Kavindu akanong'ona. "Yangu nilikuwa nampa paka."

Wavinya akaitazama figo, akamtazama baba yake aliyekuwa akifuta macho kwa mkono wa koti, akaimaliza yote.