Nasirumbi na Msafara wa Magari ya Zamani

Benedeta Nasirumbi hakuwa mtu wa kupenda magari. Alipanda gari la mumewe kila mwezi kwa sababu mumewe alitaka akae kando yake, na yeye hakuona haja ya kubishana juu ya jambo dogo kama hilo.

Mumewe, Nashon Okochi, alikuwa dereva wa lori katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma ya ghala la kiwanda palikuwa na Chevrolet ya mwaka wa ishirini na nane, imewekwa juu ya matofali tangu wakati wa vita, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Mwenye kiwanda alimwambia aichukue kabla mchwa hawajamaliza mbao za sakafu. Okochi akaikokota kwa ng'ombe mpaka kwake Dabani, akaifungua kipande kwa kipande, akakaa nayo miaka mingi hivyo, leo akipata plagi, mwakani akipata tairi. Siku ilipounguruma watu walikuja mbio kutoka mashambani.

Okochi na Nasirumbi hawakujaliwa mtoto. Kisimani wanawake walisema Okochi naye hatimaye amezaa, amezaa gari. Nasirumbi aliyasikia hayo, akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Wakati huo Tororo kulikuwa na chama cha wenye magari ya zamani. Kilianzishwa na Wazungu, mafundi na wakubwa wa kiwanda cha saruji, kisha wakaingia Wahindi wachache wa madukani. Uhuru ulipopatikana wanachama walikubaliana kwamba hata Mwafrika mwenye gari la zamani akaribishwe, na Mwafrika wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi walikutana chini ya mwamba wa Tororo, wakapanga magari yao mstari mmoja, wakaenda kutembea: mara Malaba, mara Mulanda, mara Majanji kule ziwani. Wakifika walitandika vitambaa kwenye nyasi, wakala, wakafungua boneti na kutazamiana injini.

Okochi alikuwa na furaha siku hizo. Aliingiza kichwa kwenye boneti za wenzake, akaonyesha kwa vidole pale Kiingereza kilipomwishia. Nasirumbi alikaa kwenye ubao wa kupandia gari, kikapu miguuni. Wake wa Kizungu walimletea chai wakatabasamu, halafu maneno yakawaishia. Wake wa Kihindi walikuwa na watoto wao wa kushughulikia. Basi alishika kikombe mpaka kikapoa, akisubiri mumewe achoke. Okochi hakuwa mtu wa kuchoka upesi.

Mwaka wa sitini na tano, wakati wa kupalilia pamba, Okochi alianguka kiwandani akifungua turubai la lori. Alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali. Chama kilileta shada la maua na watu wawili, ambao walisimama kando ya kaburi wameshika kofia zao, wakaondoka kabla ya chakula.

Matanga yalipokwisha, Mangeni, mdogo wake marehemu, alikuja kuzungumza.

"Mulamwa," alisema, maana ndivyo shemeji wanavyoitana Usamiani, "gari hili sasa ni la nini? Wale wa Tororo watalichukua hata kesho."

"Liache."

"Lakini wewe hata kulifungua mlango ni mpaka usaidiwe."

"Liache kwanza, mulamwa."

Mangeni hakuwa mtu mbaya. Alilitazama gari, akamtazama shemeji yake, akaomba maji ya kunywa, akaenda.

Jioni, akishamaliza kazi za shamba, Nasirumbi alikuwa akienda kukaa ndani ya Chevrolet. Alikaa upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote, mikono mapajani. Upande wa kulia kiti kilikuwa na bonde alilolichimba Okochi kwa uzito wake. Miezi ikapita hivyo. Siku moja aliinuka akahamia kule. Mwenyewe alipoulizwa baadaye ni kitu gani kilichomtia wazo la kujifunza kuendesha, alisema tu, "Nilichoka kukiona kile kiti kitupu."

Aliyemfundisha ni Ikwap, mtu wa kabila la Wateso aliyekuwa akiendesha lori pamoja na Okochi. Alikuja Jumamosi alasiri kwa baiskeli, na jambo la kwanza alilomfundisha lilikuwa hendeli ya kuwashia injini, ile inayochomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa mkono.

"Kidole gumba iweke upande moja na wenzake," Ikwap alisema. "Usikumbatie hendeli, mama. Ikirudi nyuma kwa nguvu inavunja mkono."

"Ilipata kumvunja Okochi?"

"Mara moja. Hakukuambia?"

Nasirumbi alikumbuka mkono uliofungwa kitambaa, na Okochi akisema ameteleza matopeni. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akazungusha hendeli.

Walifanya mazoezi kwenye njia ya Buhehe, ambako watu hawakuwa wengi. Siku ya pili aliingia katika muhogo wa jirani na kutokea upande wa pili. Siku nyingine gari lilimzimikia mbele ya kanisa watu wakitoka misa. Goretti, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mjane akishashika usukani, hakuna tena mwanamume atakayemkaribia. Nasirumbi alishuka, akazungusha hendeli, akapanda, akaondoka. Ikwap, kando yake, alitazama shamba la mtama upande wa pili wa njia.

Alipopata leseni alikwenda peke yake chini ya mwamba, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Alivaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, na kitambaa kichwani. Mwenyekiti wa chama alikuwa Bwana Pearce, mhandisi mrefu mwenye nyusi nyekundu. Alilizunguka gari akitabasamu, akatazama kiti cha nyuma.

"Dereva yuko wapi, mama?"

"Ni mimi."

 Bwana Pearce aliwageukia wenzake, akamgeukia tena Nasirumbi, na kwa haki yake tuseme hakumfukuza. Alimwambia tu akae mwisho wa msafara, maana ndiyo ilikuwa desturi kwa mgeni.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda Majanji. Barabara ya kushuka Busia ilikuwa na vumbi la kiangazi, na Nasirumbi, akiwa wa mwisho, alilila lote. Walipita Dabani. Aliona nyumba yake ikipita kando ya barabara, mlango umefungwa, na hakuna aliyetoka kumpungia mkono. Baada ya Busia rejeta ilianza kuchemka. Alisimama, akaenda kuomba maji kwenye boma la watu, akangoja injini ipoe kama Ikwap alivyomwonya. Vumbi la wenzake lilipotulia barabara ikawa kimya.

Alipokaribia ziwa alikuta msafara unarudi. Gari la Bwana Pearce lilikuwa mbele. Alipiga honi akapunga kofia, kama mtu anayemsalimu rafiki njiani, akapita. Wa pili akapiga honi, akapita. Kila mmoja bila shaka alidhani anayemfuata ndiye atakayesimama. Wakapita wote wakipunga mikono, na Nasirumbi naye akapunga mpaka vumbi likawafunika.

Angeweza kugeuza. Aliendelea mbele mpaka Majanji, akaegesha pale walipokuwa wameegesha wengine, nyasi zikiwa bado zimelala. Alikuta ganda la yai na kipande cha gazeti. Akafungua kikapu, akatoa viazi vitamu vilivyokuwa vimepoa, akakaa kwenye ubao wa gari akila na kutazama maji. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walimtazama kwa mbali. Hakujua alie au ale, basi akala.

Baadaye alisikia injini. Ilikuwa Ford nyeusi ya Jethalal, Mhindi mzee aliyeuza nguo karibu na stesheni ya Tororo. Alishuka pole pole, akishika kiuno.

"Mama, gari iko mzima?"

"Iko mzima."

"Mimi naona wewe peke yako. Nasema, labda iko haribika." Alitazama viazi. "Mimi nashindwa kwenda mbele. Narudi."

Alikaa kwenye ubao wa gari lake, akafungua kopo la chapati na achari ya embe, akamsogezea. Nasirumbi naye akamsogezea viazi. Hawakuzungumza sana. Jethalal alimwambia mkewe alikwisha kufa, na watoto wako Uingereza. Nasirumbi akasema, "Pole." Jethalal akasema, "Na wewe pole. Okochi alikuwa mtu mzuri. Yeye natengeneza kabureta yangu mara mbili."

Tangu siku hiyo, msafara ulipopangwa, Jethalal alikataa nafasi yake ya mbele akakaa nyuma ya Chevrolet. Bwana Pearce alimwomba Nasirumbi radhi mwezi uliofuata, akiwa mwekundu mpaka masikioni, na wake za Wazungu wakamletea chai. Maneno yaliwaishia kama zamani. Lakini sasa alikuwa na mtu wa kunyamaza naye, na hilo si sawa na kunyamaza peke yako.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Bwana Pearce mkataba wake ulikwisha, gari lake likafungwa kamba juu ya behewa likapelekwa Mombasa. Wengine wakahamia Nairobi, wengine wakarudi kwao. Hakuna aliyetangaza kwamba chama kimevunjika. Ilikuwa tu kwamba kila mwezi mstari ulipungua chini ya mwamba, hata ikafika Jumapili ambayo magari yalikuwa mawili.

"Tunakwenda wapi?" Nasirumbi aliuliza.

"Mwenyekiti hakuna," Jethalal alisema. "Sema wewe."

Akasema Mulanda. Walikwenda Mulanda, Chevrolet mbele, Ford nyuma, wakanywa chai sokoni na kurudi. Wakaendelea hivyo muda mrefu.

Mwaka wa sitini na tisa mambo ya leseni za biashara yakawa mazito kwa Wahindi wasio raia. Wanawe Jethalal wakamwita Uingereza. Alimpata mtu wa Kisumu wa kuichukua Ford, na mzee alitaka kuipeleka mwenyewe. Nasirumbi akamsindikiza mpaka mpakani Busia. Siku hiyo Ford ilitangulia.

Ilikuwa siku ya soko, na Wakenya walikuwa wakivuka na mizigo kichwani na juu ya baiskeli kama kila siku. Jethalal alisimamisha gari kando, akashuka.

"Jumapili ya kwanza nani atakuja?" aliuliza.

"Mimi nitakuja."

"Peke yako si chama, mama."

"Najua."

Mzee alinyoosha mkono. Miaka yote hiyo walikuwa hawajapata kupeana mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Alisema atawaambia wanawe wamwandikie, naye Nasirumbi akaitika, ingawa alijua hajui kusoma na Jethalal alijua hivyo pia. Ford ikavuka. Nasirumbi alikaa katika gari lake muda mrefu, wachuuzi wakimpita pande zote mbili, mpaka mama mmoja wa Kikenya, Edah, aliyeuza vitunguu pale, akamgongea mlango.

"Mama, umepotelewa na nini?"

"Hakuna," Nasirumbi alisema. "Namsindikiza mtu."

"Amekwisha kwenda?"

"Amekwenda."

Edah alimpa vitunguu viwili, akarudi kwenye biashara yake.

Jumapili ya kwanza Nasirumbi alikwenda chini ya mwamba. Alingoja kwa kadiri ya wakati waliokuwa wakingojana, halafu akaenda Malaba na kurudi. Mwezi uliofuata akafanya vivyo hivyo. Watu wa Dabani walimwona akipita, wengine wakasema huzuni imemwingia kichwani. Mangeni alikuja kumtazama, akamkuta anapiga deki, ana akili zake timamu, akala chakula akaenda.

Mwaka uliofuata ni Goretti, yule yule wa kanisani, aliyekuja uani kwake. Alizunguka zunguka na habari za mvua na za ng'ombe kabla ya kusema neno lake. Binti yake Syprose anaolewa. Kila bibi harusi anafika kanisani kwa lori au kwa miguu. Mtoto analilia Chevrolet ile ya kijani.

Nasirumbi alikubali. Alimpeleka Syprose kanisani akiwa na shela iliyopeperuka nje ya gari lisilo na vioo, wanawake wakikimbia nyuma wakiimba na kupiga vigelegele, na vumbi safari hii likawaangukia wao. Tangu harusi hiyo wakaja wengine, kutoka Buhehe, kutoka Mulanda, hata ng'ambo ya mpaka. Alipewa kiti karibu na wazee, akalishwa, akashukuriwa mbele ya watu. Machweo aliwaacha wakicheza ngoma, akarudi nyumbani akiwa na viti vitatu vitupu na maua yaliyonyauka sakafuni.

Goretti, ambaye sasa alizoea kuja kwake, alimwuliza siku moja kama anaweza kubeba harusi ya Jumapili.

"Jumapili yoyote, isipokuwa ya kwanza."

"Ya kwanza una nini?"

"Tunakwenda kutembea."

Goretti alitaka kuuliza ni nani na nani, kisha akaona afadhali aulize habari za mtama.

Jumapili ya kwanza iliyofuata Nasirumbi alikwenda Majanji. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Wanawake wa dagaa walimjua sasa, wakamsalimu kwa Kisamia, wakamuuliza habari za njia. Akawajibu njia ni nzuri. Walirudi kwenye kazi yao, naye akakaa kwenye ubao wa gari, akafungua kikapu, akala bila haraka. Jua lilipoanza kumpiga usoni alifunga kikapu, akaenda mbele ya gari, akaishika hendeli.