Dakika Arobaini na Mbili za Albamu ya Binti Yangu

Ijumaa ya mwisho ya kazi mwaka jana nililia mbele ya wanaume wanne kwa sababu ya albamu ambayo sikuisikia hata chembe.

Sisemi kwamba sikuielewa. Nasema sikuisikia. Na albamu yenyewe ni ya binti yangu wa kumzaa.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana wengi humu kundini mnanijua kwa zile orodha zangu za albamu bora za mwaka, basi.

Mimi ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Karakanani tuko watano. Bawaba ndiye mkubwa wetu, anafunga bawaba na makomeo. Koleo anakunja kingo. Rangi anapuliza rangi. Msomi anakata bati, na hilo jina kalipata kwa sababu ya miwani tu, shule wala hakufika mbali. Mimi nagonga ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, na wananiita Redio.

Nimegonga ribiti miaka ishirini na tisa. Ukitaka kujua kelele yake, ingiza kichwa kwenye ndoo ya chuma halafu jirani mwenye kinyongo na wewe aigonge kwa nyundo mpaka jioni.

Jina la Redio nililipata kihalali. Albamu ikitoka leo, leo hii ninayo. Nikisema besi imezidi, ujue imezidi. Watu wazima na akili zao walikuwa wananiuliza kwanza kabla hawajasikiliza wenyewe.

Kila mwisho wa mwaka karakanani tunafanya Kikao cha Albamu. Kila mtu anakuja na albamu zake tano, kaziandika kwenye kipande cha boksi. Tunasoma, tunabishana, tunatukanana kidogo, tunapiga kura. Inayoshinda inachezwa kwenye spika kubwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Sheria ni mbili: macho yafumbwe, mdomo ufungwe. Atakayeongea anafagia karakana mwezi mzima.

Sasa, miaka mitatu iliyopita filimbi zilianza kupotea kwenye nyimbo. Nikadhani ni uvivu wa maprodyuza. Nikaandika humu humu kwamba muziki wa siku hizi umekuwa mzito, hauna kitu cha juu. Mlinipongeza sana siku ile.

Baadaye zikapotea sauti za wanawake. Baadaye maneno.

Mke wangu ndiye aliyenishtukia. "Jirani anafuatilia tamthilia kutoka kwenye runinga yetu, yake hata haiwashi," aliniambia. "Baba watoto, masikio yako yana tatizo."

Nilikwenda hospitali. Daktari alirudia maneno mara tatu, akachoka, akaniandikia kwenye karatasi: nyundo zimeharibu neva za masikio, na neva hizo hazirudi.

Nikamwapisha mke wangu asimwambie mtu. Mtu mwenyewe unaitwa Redio, utaanzia wapi kusema husikii?

Mbinu nilizipata haraka. Karakanani haikuwa kazi, kule sote tunaongea kwa midomo na mikono kwa sababu ya kelele. Nyumbani nikajifunza kuongea sana ili nisiulizwe. Na orodha zangu nikawa nazichota kwenye ukurasa mmoja wa wachambuzi mtandaoni, nabadilisha maneno, natia chumvi yangu. Nawaomba radhi wote mliokuwa mnanishukuru.

Mwezi wa sita binti yangu akaja nyumbani na simu yake na spika za masikioni.

Anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati. Albamu yake alikuwa ameirekodi miaka miwili, wikiendi kwa wikiendi, akili yake yote iko huko.

"Baba, sijamsikilizisha mtu," alisema. "Nimeanza na wewe. Ukisema bado, narudi studio. Ukisema tayari, natoa. Mimi nakuamini wewe kuliko hao wote."

Yote hayo nilimsoma midomoni. Nikavaa spika, nikafumba macho.

Niliambulia mvumo tu, kama lori linalopita mtaa wa pili.

Nikajaribu kumtafuta mwanangu ndani ya ule mvumo. Nikakaza meno, nikabonyeza spika mpaka masikio yakauma. Hayumo.

Alikuwa ameniandikia majina ya nyimbo kwenye karatasi. Wa tatu ulikuwa na jina langu. Mtoto kaniimbia mimi.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, ananikazia macho. Nilijua anataka niseme nini.

Nikavua spika. "Toa," nikasema. "Na huo wa tatu usiuguse hata kidogo. Umenimaliza."

Binti alinirukia shingoni.

Alipoondoka, mke wangu aliniambia jambo moja tu. "Mimi muziki siujui, ndiyo maana hakuja kwangu. Kaja kwako." Akaenda zake kuanua nguo.

Albamu ikatoka mwezi wa nane.

Basi, Ijumaa ya kikao ikafika. Tukatoa vipande vya boksi, tukasoma. Ajabu, kati ya albamu tano, nne zilikuwa zile zile kwa kila mtu. Ya wale wazee wa bendi waliorudi baada ya miaka kumi na tano, wote tunayo. Ya yule wa rap anayelalamika kila wimbo, wote tunayo. Na ya tano, kwa wote, ya binti yangu.

"Tumezeeka pamoja," alisema Bawaba. "Sasa tuna sikio moja."

Tukacheka. Kura zote tano zikaenda kwa binti yangu. Nilikuwa nimemwambia apite jioni ile ajionee wazee watakavyoipokea.

Koleo akachomeka flashi kwenye spika, akabonyeza, akakaa. Spika yetu ni ya zamani, taa yake ilishaungua. Tukafumba macho.

Nikasubiri lile lori langu. Halikuja.

Nikaweka kiganja kwenye benchi nisikie hata mtikisiko. Hakuna. Nikajua ndiyo basi, hata kile kidogo nilichobakiwa nacho kimekwenda, na kimekwenda siku ya mwanangu.

Machozi yakatoka yenyewe. Sikuyafuta.

Nikaiba jicho. Msomi anatikisa kichwa taratibu. Mguu wa Koleo unapiga mdundo. Rangi naye analia. Bawaba kaegemea ukuta, anatabasamu kama mtu aliyekula akashiba.

Niliwaonea wivu. Kusema kweli niliwachukia.

Dakika arobaini na mbili zilipotimia, Bawaba alitazama saa yake, akatugusa mabega mmoja mmoja. Tukafumbua macho, tukapiga makofi.

"Huyu mtoto atatutoa kimasomaso," alisema Koleo. "Ile sauti ya juu anaitoa wapi?"

"Na gitaa," alisema Msomi. "Gitaa lile lina adabu."

Hapo ndipo nikamwona mlangoni, mkoba begani. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Akaja mpaka mbele yangu. "Baba, wimbo gani umekuliza?"

"Wa tatu, mama," nikamwambia. "Pale unapopandisha sauti."

Aliniangalia. Halafu akaenda ukutani, akainama, akainua waya kutoka sakafuni, akatuonyesha.

Ulikuwa waya wa spika. Kwenye soketi palikuwa na birika la umeme. Rangi alilichomeka kabla hatujakaa, apate maji ya chai, akasahau.



Kisha Rangi, bado ana machozi shavuni: "Nilidhani ni mimi."

Koleo akamgeukia. "Hata mimi nilidhani ni mimi."

Bawaba akakaa chini juu ya sanduku ambalo rangi yake haijakauka. Msomi akavua miwani, akaanza kuifuta, akaendelea kuifuta. Watu wazima watano, kila mmoja amewaficha wanne. Na orodha zetu, kama mnavyofikiria, zote zilitoka kwenye ule ukurasa mmoja.

Binti yangu akachomoa birika, akachomeka spika, akafungulia sauti mpaka mwisho. Akatafuta wimbo wa tatu. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya spika.

Lori likapita mtaa wa pili. Alikuwa ananitazama usoni muda wote, na sidhani kama alibaki na swali lolote moyoni mwake. Akazima.

Akasema polepole nimsome. "Huo wimbo sauti yangu na gitaa haviko pamoja. Kuanzia mwanzo hadi mwisho. Prodyuza aliniambia turudie, nikamkatalia. Nikamwambia baba yangu ameupitisha."

Nikauondoa mkono wangu juu ya spika. 

"Watu wananicheka tangu mwezi wa nane," alisema. "Nimekuwa nikiwajibu kwamba hawajui muziki, baba yangu anajua."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichomoa flashi, akaitia kwenye mkoba, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akaondoka.

Tangu siku ile hajakanyaga studio. Ameomba zamu zaidi zahanati. Albamu ameifuta mtandaoni, ukiitafuta huipati.

Mwenye karakana ametununulia vizibo vya masikio, vizuri kabisa, vya rangi ya machungwa. Tunavivaa kila siku kuzuia kelele tusiyoisikia.

Mimi nimepewa kifaa cha sikioni. Maneno ya karibu kinasaidia. Muziki kinaugeuza kuwa mabati.

Mwezi uliopita binti alikuja kutusalimia. Nilimkuta jikoni kanipa ubavu, anaosha vyombo, midomo inacheza. Nikasimama pale kama mwizi. Nikamgusa bega.

"Unaimba, mama?"

"Hapana, baba. Nahesabu vijiko."

Nilikwenda sebuleni nikakaa. Mke wangu alikuwa kule kule jikoni na amesikia kila kitu, angeweza kuniambia. Sijamuuliza, na yeye hajasema.

Wanaoniuliza kuhusu orodha ya mwaka huu, hakuna orodha.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu kimeanza kukupungukia, macho, masikio, kumbukumbu, chochote, na kuna mtu anakuja kwako kwa ajili ya kitu hicho hicho, mwambie siku ile ile. Usiseme kesho. Mimi nilitakiwa kusema neno moja tu, "sisikii," na angepeleka albamu yake kwa mtu mwenye masikio. Aibu ya neno hilo ningekuwa nimeshaizoea kufikia leo.