Pombe ya Msamaha kwenye Barabara ya Basoda

Ndizi zikiiva shimoni hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: tamu, yenye moshi kidogo, na chini yake uchachu unaopanda puani mpaka unataka kupiga chafya. Mwaka nilipotimiza miaka kumi, harufu hiyo iliijaza nyumba yetu ya Bagira, pembeni mwa Bukavu, kwa wiki nzima. Papa alikuwa amekata mikungu minne katika shamba dogo nyuma ya jiko, akachimba shimo, akalipasha moto kwa majani makavu, akazipanga ndizi humo na kuzifunika kwa majani ya mgomba na udongo. Zilipoiva alizimenya, akazikamua kwa mikono yake pamoja na nyasi, akachuja maji yake, akatia unga wa mtama uliokaangwa, na kuyaacha yachachuke yawe kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu Bashi haikosekani penye jambo la maana. Ilikuwa miaka ya Zaïre, na Papa alikuwa karani wa ofisi, mtu wa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Majirani walikuja kumchungulia juu ya ua wakicheka. Karani anakamua ndizi, jamani! Yeye hakucheka hata kidogo. Pombe ile alitaka kumpelekea baba yake, amwombe msamaha.

Kisa chenyewe kilikuwa ng'ombe. Siku Papa alipooa, Babu alimpa ng'ombe jike, na kwetu Bashi ng'ombe wa baba yako hauzwi bila baba kujua. Papa alimuuza kimyakimya, akanunua baiskeli. Babu alipopata habari hakupiga kelele wala hakulaani. Alinyamaza tu, miaka mitatu. Tulipokwenda kumsalimu alizungumza na Maman, alizungumza nami, na akiwa na neno kwa Papa alimgeukia mbwa wake: “Muulize karani kama atakula.” Mimi nilijiuma midomo nisicheke. Papa alikula akiwa ameinamisha kichwa. Desturi ilisema mkosaji alete pombe aliyoitengeneza mwenyewe, kutoka nyumbani kwake. Ya kununua njiani haihesabiwi. Mzee akiinywa, yameisha. Na mwaka ule Babu alikuwa ameanza kukohoa vibaya. Nadhani Papa aliogopa kwamba mzee atakufa huku bado anazungumza na mbwa.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeikata barabara ya magari iendayo kijijini kwa Babu, malori yamekwama kwenye tope siku ya nne. Kasiksi haingoji, ukiichelewesha inageuka siki. Ndipo Papa alipoamua tupite barabara ya basoda. Hivyo ndivyo tulivyoiita njia ya zamani ya kijeshi, iliyochimbwa mlimani, wazee walisema, zama Wabelgiji walipokuwa wakisukuma mizinga kwenda kupigana na Wajerumani. Watoto wa Bagira tulikuwa tumesikia habari zake tangu tukiwa wadogo, kwamba kuna nyumba ya mawe yenye matundu ya bunduki, na kwamba ukisimama juu kabisa unaona ziwa lote. Niliomba kwenda. Nililia, nikafagia ua mara mbili bila kutumwa, mpaka Maman akachoka akasema nichukuliwe.

Alfajiri ya safari Papa aliimimina pombe katika bidoni la lita ishirini, akakaza kifuniko, kisha akachukua mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu la baiskeli yake, akaukata utepe mrefu, akaufunga juu ya kifuniko, akivuta kwa meno. Maman alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Papa Nsimire, usifunge hivyo. Kasiksi inapumua. Weka tu majani ya mugomba.”

“Njia iko ya mawe, Maman. Itamwangika yote.”

“Haya. Ni wewe ulisoma.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani atamwambia mwenye diploma kwamba mkuu wake ni mkewe? Papa alilifunga bidoni nyuma ya baiskeli, tukashuka mjini. Jirani mwenye gari alitufikisha pamoja na baiskeli hadi Panzi, ukingoni mwa mji, na kutoka pale ikawa miguu. Papa alisukuma kwa mbele, mimi nilisukuma kwa nyuma, shavu langu karibu na bidoni. Nilisikia pombe ikisema ndani yake, ikinong'ona kama maharage jikoni, na nikaona ni jambo zuri.

Lo, barabara ile! Upande wa bonde ukuta wa mawe ulikuwa bado umesimama, umepangwa bila saruji, kijani kwa kuvu. Maji ya mvua yalikuwa yamechimba mifereji katikati, tukawa tunapita kando kwenye manyasi yaliyolowesha magoti. Nilihesabu kona mpaka kumi na saba, kisha nikasahau kwa sababu ya njaa. Papa, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa “nyamaza” na “soma”, huku juu alianza kupiga mluzi. Alinionyesha jinsi ya kukanyaga kwa ubavu wa mguu penye utelezi, alinichumia matunda ya porini mekundu yenye miiba. Tulikuta ile nyumba ya mawe, haina paa, mti umeota ndani yake. Nilitia jicho langu kwenye tundu la bunduki nikaona ziwa Kivu chini kabisa, na mji wetu umelala juu ya rasi zake. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Sikuwahi kuwa na Papa peke yangu siku nzima.

Saa sita jua lilitoka mawinguni, likakaa juu ya migongo yetu na juu ya bidoni. Tulikuwa tumebakiza hatua chache kufika kwenye kilele cha njia. Niliona bidoni limevimba kama tumbo la mtoto aliyekula mihogo mibichi, nikafungua kinywa nimwambie Papa. Pah! Kifuniko kiliruka bondeni, pombe ikapanda juu, ikatumwagikia kichwani, kifuani, kila mahali, na baiskeli ikaanguka. Tulipoiinua, bidoni lilikuwa na povu tu.

Papa alikaa juu ya jiwe. Abacost yake ya sikukuu ilikuwa inadondosha pombe. Mkono mtupu haulambwi, na kumwendea mzee uliyemkosea ukiwa huna kitu ni kumtukana mara ya pili. Nilimwona akitazama tulikotoka, kisha tunakokwenda, na macho yake yakajaa machozi. Sikujua la kufanya, nikamshika kidole.

Mama mmoja wa kijijini alitokea upande wa pili, na kapu la mboga mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Alitunusa, akatutambua watu wa mjini, akaelewa yote.

“Ee Papa wa mu ville! Nani alifunga hii kasiksi?”

“Ni mimi.”

Alicheka mpaka akaweka kapu chini. Papa akamweleza ilikuwa ya nani. Yule mama akaacha kucheka. “Basi enda hivyo hivyo,” alisema. “Usinawe mu mutoni. Muzee akisikia hiyo harufu, atajua ulibeba.”

Tulishuka upande wa pili, nzi wametuandama, tukavuka mito miwili bila kunawa. Jua lilipoanza kulegea tuliingia uani kwa Babu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, blanketi mabegani. Papa alipiga magoti mbali kidogo, abacost imekauka na kuwa ngumu kama ganda. Babu alivuta pumzi puani, akamgeukia mbwa. “Muulize karani, ameogea pombe kwa nini?”

Papa alieleza yote, bila kujitetea. Kisha Babu akamtazama Papa, si mbwa.

“Ulikaza na nini?”

“Na mpira wa baiskeli, Baba.”

“Baiskeli ya ng'ombe wangu?”

“Ndiyo, Baba.”

“Basi ng'ombe wangu amelipiza kisasi.” Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, machozi yakimtoka. Akaagiza mtungi wake mwenyewe uletwe, akavuta kwa mrija, kisha akampa Papa mrija ule ule. Papa alikunywa akiwa bado amepiga magoti. Babu aliishi miaka miwili zaidi, na kila likizo tulirudi kwa njia ile ile, hata barabara ya magari ilipopona, nao walipiga soga mpaka tukachoka kuwasubiri.

Siku hizi nasikia vijana wa Bukavu hupanda huko Jumapili kwa baiskeli za gia nyingi, wakipiga picha, na nawaonea wivu kwa magoti yao. Mimi magoti yamekwisha. Mwaka jana niligombana na mdogo wangu anayekaa Kadutu, yule anayeniita Yaya, dada mkubwa, kwa sababu ya nyumba ya wazazi wetu. Nilimsema vibaya mbele ya watoto wake. Nilimtumia ujumbe kwenye simu, “pardon”, naye akanijibu “hakuna shida”, na miezi minne tukaishi hivyo, shida ikiwa pale pale. Jumamosi moja nilivaa viatu, nikawapita motari wote, wale wa pikipiki za abiria, walioniita, nikapanda vijia vya Kadutu kwa mguu, nikisimama kila ngazi ya tatu. Nilifika mlangoni nikihema. Alinitazama, akatazama matope kwenye sketi yangu.

“Yaya, ulipanda na miguu?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akanivutia kiti, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunifungua kamba za viatu.