Siku Bibi Skolastika Aliponikabidhi

Nakumbuka Jumapili moja pale mtaani Nsemulwa nilipohama kama mwizi, ingawa kila nilichobeba kilikuwa changu. Mwanangu, nakuita hivyo na sina hata mvi moja. Ningekuwa wewe ningeuliza nani kanipa ruhusa. Jina hilo nimelirithi kwa mtu, na kwa kuwa leo unafunga mizigo yako, acha nikusimulie.

Nilipanga chumba kwa Bibi Skolastika miaka mitatu. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka kama mkimbizi akiwa msichana, na sasa ni raia kama mimi na wewe. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyenipikia uji wa ulezi siku nne, akinisimamia mpaka nimalize bakuli. Kisha nikapata chumba karibu na kazini, kwa Mzee Masanja. Nikajiuliza kama nilivyozoea chuoni: kodi si imeisha? Ufunguo si nitauacha? Kuaga ni sheria ipi? Ukweli ni kwamba sikujua pa kuanzia kusema asante, na asiyejua kushukuru hutafuta hoja.

Nikangoja Bibi aende kanisani. Nikapakia godoro, vitabu na sufuria kwenye guta, ile pikipiki ya matairi matatu, ufunguo nikauacha dirishani.

Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake zamani, mimi na dereva wa guta tulimkuta ameketi mlangoni.

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana chumba. Kule ulikotoka wanajua umetoka?"

Nikamweleza habari za haki ya mpangaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, halafu akautia ufunguo wake mfukoni. "Kijana, ng'ombe akiingia zizini kwangu peke yake, sifurahi. Namtafuta mwenye ng'ombe."

Dereva wa guta akacheka mpaka akaegemea usukani. "Msomi, panda turudi. Shukrani ya punda ni mateke, na leo umejipiga mwenyewe!"

Tulimkuta Bibi amesharudi, amesimama katikati ya chumba kitupu na kitenge chake cha Jumapili, ufunguo mkononi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mwanangu," akasema, "sisi kule kwetu tuliondoka maharage yakiwa motoni. Sikumuaga jirani hata mmoja. Mpaka leo nikiota, naota nawaaga. Wewe hufukuzwi na mtu. Unakimbia nini?"

Nikamshukuru kwa uji, nikamshukuru kwa miaka mitatu, maneno yakinigongana kama ya mtoto. Akanipa ufagio. Tukafagia pamoja, naye akafunga mlango.

"Haya, twende. Mtu hajihamishi, hukabidhiwa."

Akapanda juu ya godoro langu na nguo zake za kanisani, akaikumbatia sufuria isidondoke. Majirani wakapiga vigelegele. "Bibi anaolewa!"

"Kwa godoro hili?" akawajibu. "Nyie hamnipendi!"

Tulipofika, alichukua mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa Mzee Masanja. "Huyu ni wangu. Anabishana sana, lakini akiumwa mpe uji, atanyamaza." Ufunguo ukatoka mfukoni mwa mzee.

Mwanangu, sikuambii kwamba asiyeaga hupatwa na mkosi. Hilo siliamini hata leo. Nakwambia nilichokiona: nililala nyumba ngeni usiku wa kwanza nikiwa tayari mtu wa mtu. Kodi hulipia chumba. Hailipii bakuli la uji. Kwa hiyo kabla hujakaza kamba ya mwisho, nenda kwa aliyekuhifadhi. Mwambie unaondoka, na umtajie jambo alilokutendea, moja tu, lakini ulitaje. Fagia ulipolala. Kisha mwombe akukabidhi, hata kwa simu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi wapangaji tutahama tena na tena.

Uhame salama. Mlango unaoufunga usikusahau, na kwenye ule unaoufungua asikosekane wa kukushika mkono na kusema, "Huyu ni wangu."