Safu ya Waliokatiwa

Ofisini walimwita Makadirio, na jina alilipenda, tusidanganyane. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kukadiria nchi itataka umeme kiasi gani, ili mitambo ijengwe mapema. Mtambo si kibanda. Ukiutaka leo utaupata baada ya miaka mitatu, tena ukiwa na bahati.

Wenzake walichukua kilele cha matumizi, ile saa moja jioni kila nyumba ikiwa imewasha kila kitu, wakaongeza asilimia kadhaa, wakaenda zao nyumbani. Yeye hakuwa mvivu kiasi hicho. Kila Jumatatu alishuka chumba cha udhibiti, akaazima daftari la makato, akanakili mtaa gani ulizimwa na kwa saa ngapi. Wakubwa waliyaita “matengenezo”. Matengenezo gani, jamani, kila siku, mitaa ile ile ya pembeni! Alijua kuwa mita husoma umeme uliokwenda, haisomi uliotakiwa ukakosekana. Mtu umnyime chakula, halafu useme hakuwa na njaa? Kwa hiyo jedwali lake lilikuwa na safu ya ziada aliyoiita “Waliokatiwa”. Mwaka huo ilifika megawati mia moja na arobaini. Kwa hesabu hiyo, mtambo mkongwe usingezimwa kama ilivyopangwa, na mpya ungeanza kujengwa mara moja.

Mkurugenzi wake aliiona safu ile akakunja uso.

“Mita zimesoma ngapi?”

“Mia nane na sitini, mkuu. Lakini mita haisomi mtaa uliozimwa.”

“Basi andika zilichosoma. Wakubwa wameshatangaza umeme upo wa miaka mitano. Wewe ni nani uje na megawati zako za gizani?”

“Mkuu, mvua zikichelewa...”

“Wewe siku hizi ni mtabiri wa hali ya hewa? Futa, tia sahihi. Au unataka ukamalizie utumishi wako stoo, ukihesabu nguzo?”

Akafuta. Akatia sahihi. Mimi simtetei. Najua alikuwa na watoto wawili chuoni, najua alibakiza miaka minne kustaafu, yote nayajua. Woga ni woga, hata ukiuvalisha tai.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, mdogo wake wa kike alimtembelea. Mjane huyu alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na nyumbani alitotolesha vifaranga katika sanduku lenye balbu. Watu walimletea mayai yao na kumlipa kwa kila kifaranga. Sasa alikuwa amepata mashine ya kutotolesha mayai elfu moja. Mayai hukaa humo siku ishirini na moja, na joto halitakiwi kushuka. Kuihudumia, ilibidi aache kazi.

“Kaka, sina wa kumuuliza ila wewe. Umeme utakuwepo? Maana nikiacha kazi ndiyo nimeacha, hawanirudishi.”

Angemwambia tu atafute na jenereta, basi, yangeisha. Lakini angeuliza kwa nini, na huyo akianza kuuliza haachi. Ingebidi aseme alichokifuta.

“Si umesikia redioni?” akasema.

“Redio ina ndugu? Nakuuliza wewe.”

Makadirio akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

“Upo,” akasema. “Upo wa kutosha.”

Mdogo wake akapiga kigelegele pale pale sebuleni.

Mtambo mkongwe ukazimwa. Mikupuo minne ya kwanza ya vifaranga ilitoka vizuri, mpaka mtaani wakaanza kumwita Mama Vifaranga. Kisha mvua zikachelewa, mabwawa yakashuka, na mgao ukaanza, saa kumi kwa siku. Mkurugenzi akatokea redioni kueleza kwamba mahitaji “yamepanda ghafla”. Ghafla! Mtu hana haya usoni.

Siku mgao unaanza, mkupuo wa tano ulikuwa umefikisha siku ya kumi na saba. Mama Vifaranga aliizungushia mashine mablanketi, akaweka majiko ya mkaa chumbani, akashinda akipepea na kukohoa. Makadirio alijipa kila udhuru wa kutokwenda. Alikwenda siku ya ishirini na tatu.

Alimkuta uani, kwenye kigoda, akivunja mayai moja moja mbele ya ndoo, kuona kama kuna lililopona. Vifaranga vilikuwa vimekamilika, vina manyoya, vina kucha. Vyote vimekufa. Nje wenye mayai walikuwa wanagonga lango, mmoja akimwita tapeli kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Hospitalini alishakwenda kubembeleza kazi yake, akaambiwa imepata mtu.

Makadirio akachuchumaa karibu yake.

“Mdogo wangu,” akaanza, “mimi...”

“Usijilaumu, kaka.” Alimshika mkono kwa vidole vilivyojaa ute. “Nimewaambia hata wale pale nje. Kaka yangu hawezi kunidanganya. Angejua, angeniambia. Lakini hata nyinyi wa huko hamkujua, si ndiyo?”

Alimtazama machoni, akingoja.

“Ndiyo,” akasema. “Hatukujua.”

Mdogo wake akashusha pumzi, akamwomba amsogezee trei nyingine.