Dagaa Juu ya Mwamba wa Jirani

Mama alikwenda Butiama kwenye msiba wa ukoo, akaniachia dagaa ndoo nne nizianike hapa kwetu Bukima. Alikuwa amemwahidi mteja wake wa Bunda.

"Usiache zikalala pamoja," alisema. "Zitachemka."

Saa tano mvua ikaja ghafla. Nikazirundika chini ya turubai. Ilipokatika, nyavu zetu za kuanikia zilikuwa ndani ya dimbwi, na nilipotia mkono kwenye rundo nikasikia joto. Zikibaki hivyo hadi jioni zitaoza.

Mdogo wangu, anayesoma kidato cha pili, alikuwa mlangoni na kamusi ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba. Akanisomea neno la kazi yake ya shule, dissipate. Maana yake kutawanya, au ukungu kutoweka, au kutapanya mali. Limetoka Kilatini, kutupa huku na huku.

"Kutawanya na kuharibu vinakaa kwenye neno moja?" nikauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Hao hawajawahi kuanika dagaa."

Akacheka. "Basi nenda kwa majirani ukatawanye."

Hilo ndilo nililoliogopa. Mimi kuomba kunanishinda. Nilibeba karai moja hadi kwa mama jirani, nikasimama nje bila kupiga hodi. Yeye ndiye aliyeniona.

"Umesimama kama umeleta posa. Kuna nini?"

"Dagaa za mama zinachemka."

"Sasa unakuwaga bubu mpaka zioze? Mwaga kwenye mwamba wangu, umeshakauka."

Akawaita wenzake wawili. Alasiri dagaa zetu zilikuwa kwenye mwamba, kwenye kichanja cha mmoja na juu ya mabati ya mwingine.

"Mama yako akirudi atasema umegawa urithi," mmoja alinitania.

Mama alirudi kesho yake jioni, akakuta nyavu tupu.

"Dagaa ziko wapi?"

Hapo hapo majirani wakaingia na mabeseni kichwani. Mama alichukua dagaa mmoja, akamvunja. Dagaa akakatika kwa mlio. Mama akanusa kiganja.

"Nani alikwenda kuwaomba?"

"Mimi. Nilianzia kwenye mwamba wa jirani."

Majirani walipoondoka, akajaza bakuli dagaa.

"Mpelekee mwenye mwamba. Mwambie kesho naleta nyingine."

Nilitoka nalo. Safari hii nilipiga hodi kabla sijafika uani.