Kasha Lenye Taa za Buluu

Siku ile naikumbuka vyema, mwanangu, kwani wakati huo vijana wa Malindi waliokuwa na kompyuta majumbani mwao ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri. Rafiki yangu Kazungu alikuwa ametoka Kikambala, alikokuwa akitunza bustani ya hoteli, kuja kwetu kuwasha mashine yetu kwa mara ya kwanza. Nasema yetu kwa sababu tuliichangia. Yeye aliuza mbuzi wawili aliopewa na nyanyake huko Ganze. Mimi nilitia akiba yangu ya mwaka mzima ya kazi ya dukani. Tulitaka kompyuta ya kuchezea gemu, za mpira na za mbio za magari, tusiwe tena wa kungoja zamu kwenye vibanda vya watu.

Kazungu hakujua kompyuta. Mimi nilikuwa nimesomea miezi mitatu, na miezi mitatu, mwanangu, ndicho kiasi hasa cha kumfanya mtu ajione fundi.

Kabla sijaenda Mombasa kununua vipuri nilipita kwa Mzee Swaleh, fundi wa redio na televisheni aliyekuwa na kiduka karibu na soko. Alinipokea vizuri, akaniuliza tunataka kucheza gemu gani na kwenye skrini ya ukubwa gani, kisha akaniandikia orodha: prosesa ya wastani, ndiyo ubongo wa mashine, kadi ya picha ya wastani, inayochora gemu kwenye skrini, memori, diski ya kuhifadhia, na madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote. Mwisho akaandika pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogawa umeme kwa vipuri vyote, akapiga mistari miwili chini yake. Akaniambia hapo nisibane mkono. Niliitikia, nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Dukani Mombasa nikaliona kasha la kompyuta, la kufungia vipuri vyote ndani. Lilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake feni zenye taa za buluu. Muuzaji alilizungusha juu ya meza, akaliwasha na kulizima, akanieleza kuwa lina pawa saplai yake tayari, sina haja ya kununua nyingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kasha lile lilitembezwa mbele yangu kama bibi harusi. Nikalichukua. Nilichookoa kwenye pawa saplai nikakitia kwenye kadi ya picha, nikabeba kubwa kuliko ya kwenye orodha. Karatasi ya Mzee Swaleh sikuitoa mfukoni. Nilijua itasema nini.

Basi Jumapili hiyo mashine iliwaka. Tulicheza kama robo saa, na Kazungu akiwa mbele yangu kwa bao moja, picha ikaganda. Nikamwambia aizime aiwashe tena. Alipobonyeza swichi tulisikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Taa za buluu zikazimika.

Sikujua yote, lakini nilijua ya kutosha. Hata hivyo maneno yaliyonitoka yalikuwa haya: "Umeibonyeza vipi, Kazungu?"

Akaitazama mikono yake. "Nisamehe, ndugu yangu. Mikono hii imezoea jembe."

Ningeweza kumjibu palepale. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kukawa uongo mzima. Alirudi Kikambala jioni ile bila kunywa chai, na mamangu akaniuliza kama tumegombana.

Wiki tatu hakuja. Kisha akaniletea salamu kwa mtu kwamba ameomba kazi ya ziada jikoni mwa hoteli, ya kuosha masufuria, ili alipe alichoharibu. Asubuhi yake niliibeba mashine nikaenda kwa Mzee Swaleh.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wala hakuniuliza orodha yake ilikwenda wapi. Alilifungua kasha, akaichomoa pawa saplai, akanitilia kiganjani. Kisha akachukua nyingine rafuni, akaitia kiganja cha pili. Ya kwangu ilikuwa nyepesi kama debe tupu. Aliniambia kilichopungua ni shaba na chuma, vitu ambavyo muundaji alivipunja kwa kuwa mnunuzi havioni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akapima kipuri kimoja kimoja: kadi ya picha imekwenda, madabodi imekwenda; prosesa, memori na diski zimepona.

Hapo nikasema kwamba ni Kazungu aliyeibonyeza swichi. Sijui kwa nini nilisema, huenda nilitaka mtu mzima akubaliane nami.

Mzee Swaleh aliweka bisibisi chini. "Swichi imewekwa ibonyezwe. Mashine ikifa kwa kubonyezwa swichi, mwenye kosa ni aliyeichagua. Na rafiki yako anajua hivyo, au umemwacha ajilaumu?"

Akalifunga kasha, akanirudishia.

Siku iliyofuata nilikwenda Kikambala. Nilimkuta Kazungu akipunguza ua wa hoteli kwa mkasi mkubwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani: orodha, kasha, kadi, na lile swali langu. Aliendelea kukata mpaka mwisho wa ule ua, nikimfuata nyuma. Mwishowe akasema, "Wiki tatu, Omari, sijagusa hata rimoti ya televisheni ya watu."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniuliza tu tutafanyaje, nikamjibu kwamba safari hii twende sote.

Lile kasha tuliliuza, nami nikaongeza mishahara yangu ya miezi iliyofuata, kwani hasara ilikuwa yangu. Kazungu ndiye aliyeuliza maswali dukani, kwa sababu hakuwa na miezi mitatu ya kumzuia kuuliza. Kila pawa saplai aliipima mkononi kabla ya kutaka kujua sifa zake. Kadi ya picha tulinunua iliyotumika, na hakukubali kulipa mpaka muuzaji alipoiwekea gemu tukaitazama saa nzima. Kasha letu jipya lilikuwa la bati, jeusi, lenye matundu mengi. Tuliichezea mashine ile miaka sita, tukaiongezea memori mara mbili, na Kazungu akanifunga mabao nisiyoweza kuyakumbuka.

Sasa wewe, mwanangu, umenionyesha orodha yako kwenye simu. Wasema watu mchagua jembe si mkulima, nami nakwambia huyu wa kompyuta na achague. Anza na gemu unazotaka na skrini uliyo nayo, ndipo ujue kadi na prosesa zinazolingana. Kimoja kikiwa simba na kingine paka, simba atalala njaa. Pawa saplai nunua ya muundaji anayejulikana, iwe na nguvu kuliko unayohitaji, na uiwekee kinga ya umeme, maana umeme wetu hupanda na kushuka. Usiifungue mwenyewe, hata ikiwa imezimwa, maana hubaki na umeme ndani. Madabodi iwe na nafasi ya kuongeza kesho usichokimudu leo. Kasha liwe la kupitisha hewa, na ulipanguse mara kwa mara, kwani upepo wa pwani una chumvi. Taa ziwe za mwisho, na zisipopatikana hujakosa kitu. Na ukikosea, maana utakosea, sema ni wewe siku hiyohiyo. Kipuri kilichoungua kina mbadala dukani.

Mola akupe jicho la kuona kilicho ndani, na rafiki wa kukwambia kweli, na ulimi wa kumwambia kweli naye. Ucheze kwa furaha, ufungwe kwa heshima, na kazi ya mikono yako iwe ya kheri. Amin.